Mwaka wa Thelathini na Mbili

Nilikuwa nimeshafika getini, begi mgongoni na tiketi ya basi kwenye mfuko wa shati, dada yangu aliponiita nirudi ndani.

"Kaka! Wewe kaka! Kabla hujayeyuka, njoo uone kitu."

Sikupenda. Mimi nikishaaga nimeaga. Nilikuwa nimekaa kwake wiki tano, na wiki tano kwangu ni nyingi mno. Mto wa kitanda ulishaanza kushika umbo la kichwa changu, na mto ukifika hapo huwa nafunga mzigo. Lakini huyu ni mdogo wangu wa pekee, fundi cherehani asiyeinua uso kwenye kazi yake kwa mambo ya mzaha, na siku hiyo alikuwa ameuinua. Nikarudi. Begi sikulivua.

Mezani, juu ya shati la mtu ambalo bado halijatiwa mikono, palikuwa na mkataba. Kurasa kumi na moja. Kila ukurasa ulikuwa na safu mbili, kushoto maneno yetu, kulia Kijapani. Pembeni ya meza alisimama binti yake, mpwa wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Cheche. Ni fundi wa kuchomelea. Anatengeneza mageti na madirisha kwenye karakana moja nyuma ya soko, na nguo zake zote, hata za kutokea, zina vitundu vidogo vidogo kama zimeliwa na panya mwenye meno ya sindano.

"Nimepata, Mjomba," alisema. "Miaka mitatu. Kiwanda cha matela ya malori. Japani."

"Umepata, au umepewa?"

"Nimefanya mtihani. Tulikuwa ishirini na wawili, wamechukua watatu."

"Nani kakuletea habari hizo?"

"Wakala."

"Wakala gani?"

"Yule mwenye ofisi juu ya duka la dawa," dada akadakia. "Mwenye viatu unavyoweza kujitazamia ukichana nywele. Sasa nisikilize, kaka. Mkataba unataka sahihi ya mdhamini, na mdhamini ni mimi. Mwisho ni Ijumaa ya wiki ya tatu kuanzia hii. Mimi Kijapani sikijui, safari sizijui, nimetoka hapa nikafika hapo. Wewe umetembea. Ukisema aende, natia sahihi. Ukisema asiende, haendi."

"Mama, nina miaka ishirini na sita," Cheche akasema.

"Na mimi nilikuzaa nikiwa na hiyo hiyo ishirini na sita, na nilikuwa sijui kitu."

Nikamuuliza Cheche kwa nini anataka kwenda mbali hivyo, chuma si kipo hata hapa? Akajitazama mikono.

"Hapa nachomelea mageti ya watu wanaoogopa wezi, Mjomba. Nataka kuchomelea kitu kinachotembea."

Hilo lilinigusa, maana ni maneno ambayo ningeweza kuyasema mimi. Lakini niliupekua mkataba nikauliza swali moja tu.

"Nani kasema hii safu ya kushoto inasema sawa na ya kulia?"

Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amewaza hilo. Mimi niliwaza kwa sababu liliwahi kunipata. Nikiwa kijana nilitia sahihi karatasi ya safu mbili kwenye bandari moja, nikiambiwa ni kazi ya jikoni melini, miezi mitatu. Safu niliyoweza kuisoma ilisema hivyo. Ile nyingine ilisema mengine, na nikajikuta mwaka mzima na zaidi kwenye ghala la barafu, nakata vichwa vya samaki, pasipoti yangu imefungiwa kwenye kabati la mtu. Vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto hadi leo havihisi moto wala baridi. Sikumsimulia dada upya, anaijua hadithi. Nililivua begi nikaliweka nyuma ya mlango.

Tiketi nikampa jirani.

Tulianza na tovuti ya kampuni yenyewe. Cheche aliifungua kwenye simu yangu, ambayo kioo chake kina ufa kutoka pembe hadi pembe. Ilikuwa buluu tupu, na watu wenye ovaroli, kila mmoja ananyooshea kitu kidole.

"Bonyeza hapa, itatafsiri," akaniambia.

Nikabonyeza. Simu ikatoa: *Sisi ni kampuni inayounganisha chuma pamoja na joto la moyo wa mteja mwenye afya.*

"Hii simu imelewa."

"Ndivyo ilivyo, Mjomba. Unachukua maana tu."

"Maana gani? Mtu akiniandikia hivi kwa kalamu, namkimbia."

Na si hilo tu. Maandishi yaliyokuwa ndani ya picha simu haikuyagusa, yakabaki vilevile. Nikajiuliza kwa nini mtu aweke maneno ndani ya picha kama hana cha kuficha.

Sasa mimi shule niliisoma kwa vipande. Darasa la kwanza na la pili mahali pamoja, la nne mahali pengine, la tatu sijawahi kuliona. Hesabu nilifundishwa na mpishi wa meli. Lakini niliwahi kuwa mtunza stoo kwenye duka la vipuri vya magari ya Kijapani, na kwenye makasha nilizoea alama mbili: ya mwaka, inayofanana na reki iliyosimamishwa, na ya mwezi, inayofanana na ngazi fupi. Nikasema, kama hizo nilizijua bila mwalimu, nyingine zitanishinda nini? Nikanunua daftari na kalamu mbili, moja ya akiba.

Wajapani wana maandishi ya aina tatu, na wanayachanganya yote kwenye sentensi moja bila huruma. Aina mbili ni za sauti, na hizo, niseme kweli, zilinifurahisha, maana zinakwenda kama tulivyoimba darasa la kwanza: ka, ki, ku, ke, ko, ma, mi, mu, me, mo. Ni ba be bi bo bu yetu, ila foleni wameivuruga. Moja ni ya maneno yao wenyewe. Ya pili, yenye pembe pembe, ni ya majina ya wageni na maneno yaliyotoka kwa watu wengine. Aina ya tatu ndiyo mkosi. Hizo ni alama elfu na elfu, mistari imesongamana kama kichaka, na hazikwambii zinatamkwaje mpaka ukutane na anayezijua. Nikazibatiza jina hilo hilo, vichaka.

Nilikaa dirishani kwa dada, yeye anashona, mimi natamka.

"He. Ru. Me. T. To."

"Tumbo linakusumbua?"

"Herumetto. He-ru-me... Helmeti! Dada, helmeti!"

"Hongera. Kaivaa nani?"

Sikuangalia kaivaa nani. Kilikuwa kichwa cha habari juu ya kipicha kidogo. Nikaandika kwenye daftari, *wana helmeti*, nikasonga mbele. Hiyo ilikuwa siku ya nne. Kabla ya jua kushuka nilikuwa nimepata pia ba-su, ambalo ni basi, na ka-me-ra, ambalo halikuhitaji hata kufikiri. Na hapo, badala ya kufurahi, machale yakanicheza. Nilikuwa nasoma wanachotaka nisome. Basi, kamera, helmeti, maneno mepesi ya kila mtu, yote wameyaanika. Lakini saa za kazi, mshahara, nani mwenye mali, yote hayo yalikuwa ndani ya vichaka.

Nilimwambia Cheche aliporudi kazini. Akaketi kizingitini kuvua buti.

"Mjomba, ndivyo lugha yao inavyoandikwa. Hawakuficha kwa ajili yako."

"Wewe umejuaje?"

"Muulize basi mwalimu wao," dada akasema. Cheche alikuwa akienda darasa la Kijapani mara tatu kwa wiki, kwenye chumba kilichopakana na ofisi ya Wakala, na aliyewafundisha ni mama mmoja aliyewahi kuishi huko miaka tisa.

"Huyo Mwalimu analipwa na nani?"

"Na Wakala."

"Basi simuulizi."

Wiki ya pili nikapanda ngazi za duka la dawa kumtazama Wakala kwa macho yangu. Alinyanyuka haraka, shikamoo mzee, marahaba, kiti hiki hapa, feni nikugeuzie? Mtu anayenikaribisha hivyo kabla hajajua nimefuata nini, mimi humshika mkono nikiwa nimeushika na mfuko wangu. Mkono wake ulikuwa laini kama sabuni iliyoloweshwa. Ukutani nyuma yake kulikuwa na bango refu la kitambaa lenye maandishi ya Kijapani. Nililitazama mpaka shingo ikauma. Kulikuwa na herufi ya *su*, ambayo kwa kawaida husimama kwa miguu miwili. Hii ilikuwa imenyanyua miguu juu kama mende aliyekufa.

Bango lilikuwa juu chini.

"Hilo linasema nini?" nikamuuliza.

"Hilo? Linasema karibu sana, mzee. Kwa heshima."

Nikashukuru, nikashuka. Kwenye ngazi nikaandika: *Bango limepinduka. Hasomi.*

Siku ya kumi na tano ndipo nilipoona kilichonikata maini. Kwenye ile tovuti kuna orodha ya habari za kampuni, mpya juu, za zamani chini, kila moja na tarehe yake. Tarehe nilikuwa naziweza, kwani namba ni zilezile zetu, reki ni mwaka, ngazi ni mwezi. Nikaanzia chini nikipanda. Mwaka wa 27. Wa 28. Wa 29. Wa 30. Wa 31, mwezi wa nne. Nikasema sawa, kampuni imetimiza miaka thelathini na moja, wanahesabu umri wao. Habari iliyofuata juu yake ilikuwa ya mwezi wa tano, na haikuwa na namba ya mwaka. Mahali pa namba palikuwa na kichaka. Juu yake, 2. Halafu 3, 4, 5, 6, 7.

Nikavua miwani nikaifuta. Mbele ya kila namba ya mwaka kulikuwa na vichaka viwili. Nikavilinganisha mstari kwa mstari, ulimi nje kama mtoto. Kutoka 27 hadi 31 vilikuwa ni vilevile viwili. Kuanzia pale pasipo na namba, vilikuwa vingine kabisa.

Mwingine angepita. Mimi niliona kaburi. Vile vichaka viwili ni jina la mwenye kampuni, hilo nililiona wazi. Kampuni iliishi miaka thelathini na moja ikafa mwezi wa nne. Mwezi wa tano mtu mwingine akavaa nguo za marehemu, buluu ileile, picha zilezile, akaanza kuhesabu upya, na mwaka wake wa kwanza akaona aibu hata kuuandika.

Nikamwonyesha dada. Herufi hajui hata moja, lakini jicho la mshonaji ni jicho. Aliweka kidole kwenye zile za chini, kisha kwenye zile za juu.

"Hiki si kitambaa kimoja," alisema taratibu.

"Umeona?"

"Hapa pameungwa."

Cheche alikuja akainama juu ya mabega yetu, ananuka moshi wa chuma. "Inaweza kuwa kitu kingine. Darasani hatujafika kwenye tarehe za namna hii. Ngoja kesho nimuulize Mwalimu..."

"Usimuulize mtu! Ukiuliza leo, kesho wameifuta."

Akanyooka. "Mjomba, wewe unataka nisiende, au unataka kujua?"

Nikamwambia ni kitu kimoja.

Jumatano tukapanda ngazi watatu. Nililifungua daftari mezani kwa Wakala, nikaligeuza limwelekee.

"Thelathini na moja," nikasema. "Halafu hakuna. Halafu mbili. Hapa katikati kulitokea nini?"

Wakala akaliangalia daftari. Aliliangalia muda mrefu kuliko mtu anayejua. Akatoa kalamu mfukoni, akairudisha. Kisha uso ukafunguka kama pazia.

"Aa, hapo! Hapo kampuni ilibadilisha mmiliki, mzee. Wa zamani aliuza, mpya akachukua. Huko ni jambo la kawaida kabisa."

"Mbona hukutuambia?"

"Si jambo la kumtia mzazi wasiwasi."

"Basi umeshanitia," dada akasema. Alikuwa ameshasimama. Aliuchukua mkataba kwenye mkoba wake, akaukunja mara nne kama anavyokunja kitambaa kilichobaki, akauweka mbele ya yule bwana. "Mwanangu haendi. Sahihi yangu huipati."

"Mama!"

"Twende zetu."

Cheche hakuja nasi. Alibaki kwenye kiti cha plastiki, mikono imelala magotini, anatazama lile bango lililopinduka. Na mimi, niseme ukweli wangu, nilishuka zile ngazi nikijisikia vizuri. Nilishuka kama mtu aliyefika kwenye ghala la barafu kabla mlango haujafungwa.

Kesho yake mchana nilikuwa nakunja mashati niyatie begini. Cheche, ambaye hakuwa amesema nami neno tangu ofisini, aliingia na mwanamke wa makamo mwenye mkoba uliochubuka pembe.

"Shikamoo mzee," mgeni akasema. "Mimi ndiye Mwalimu. Nimesikia umeiua kampuni nzima. Mazishi lini?"

"Marahaba. Haikuuawa na mimi. Ilikufa mwezi wa nne."

Akaomba kuliona daftari. Alilipitia ukurasa kwa ukurasa, na mara mbili nikamwona anataka kucheka akajizuia. Alipofika kwenye orodha ya miaka, hakujizuia tena.

"Mzee wangu. Hii si hesabu ya kampuni, ni hesabu ya nchi. Huko miaka huhesabiwa kwa mfalme aliyepo. Hivi viwili vya mbele ni jina la enzi yake. Mfalme wa zamani alifika mwaka wa thelathini na moja, mwezi wa nne, akang'atuka kwa uzee. Mwezi wa tano mwanawe akakalia kiti na hesabu ikaanza upya. Mwaka wa kwanza huwa hawaandiki moja, wanaandika alama ya mwanzo. Ndicho hiki kichaka chako. Na si kampuni hii peke yake. Benki, hospitali, shule, hata risiti."

Dada akaniangalia. Mimi nikamwangalia Mwalimu.

"Wewe unalipwa na Wakala."

"Nalipwa, ndiyo. Na wewe hulipwi na mtu, ndiyo maana umepata muda wa kutafuta makaburi."

Dada akacheka puani.

"Nipe ushahidi," nikasema. "Ambao hujauandaa kwa ajili yangu."

Akafikiri. Kisha akafungua mkoba, akachokoa kwenye kijifuko cha ndani kabisa, akatoa kadi ya zamani. Ilikuwa leseni yake ya udereva ya kule, yenye picha yake akiwa na mashavu ya ujana. Niliichukua nikaenda nayo dirishani nikaisoma mwenyewe. Vilikuwepo vile vichaka viwili vya zamani, ningevitambua hata gizani. Namba 29, reki. Chini, kwenye mstari wa rangi, vichaka vilevile, na namba 32.

"Hii ya chini ni nini?"

"Mwisho wa kutumika. Mwaka wa thelathini na mbili."

"Umesema waliishia thelathini na moja."

"Waliishia. Lakini serikali ilipoiandika hii kadi ilikuwa haijui mfalme atang'atuka lini. Ule wa thelathini na mbili haukufika kamwe, mzee. Wakati wake ulipofika ulikuwa ukiitwa wa pili."

Niliigeuza ile kadi, nikaikwaruza kwa ukucha, nikainusa. Nimekutana na matapeli wengi, na kila mmoja hesabu yake ilikuwa inatoka sawasawa. Hiyo ndiyo kazi yao. Sijawahi kukutana na mmoja aliyekaa chini akaghushi mwaka usiokuwepo. Nikaketi juu ya mashati yangu.

"Na Wakala? Kasema kwa mdomo wake kampuni iliuzwa."

"Wakala hasomi. Lile bango lake nimemwambia mara mbili limepinduka, ananiambia msumari uko upande ule."

Muda wote huo Cheche alikuwa ameichukua simu yangu, anapandisha orodha kwa kidole gumba. Akaniletea.

"Habari zote hizi umezisoma, Mjomba?"

"Zote."

"Na hii?"

Ilikuwa ile ya helmeti. Mwaka wa 7, siku chache tu baada ya matokeo ya mtihani wao.

"Hiyo niliisoma siku ya nne."

"Ulisoma kichwa cha habari. Picha uliikuza?"

Sikuikuza. Nilikuwa na haraka ya kutafuta mengine. Akaikuza yeye kwa vidole viwili, ufa wa kioo ukapita katikati. Zilikuwa helmeti tatu nyeupe, mpya, zimepangwa juu ya rafu, na kila moja imebandikwa karatasi kwenye paji. Maandishi ya kwenye karatasi yalikuwa yale ya pembe pembe, ya majina ya wageni.

Mwalimu alikuwa ameshayaona na akanyamaza. Cheche naye akanyamaza. Waliniachia mimi. Nikaweka kidole kwenye helmeti ya katikati nikatamka sauti ya kwanza, nikatamka ya pili. Jina la shule la mpwa wangu lina sauti tano. Nilipofika ya nne, cherehani ya dada ilikuwa imesimama.

"Na hapo chini wameandikaje?" dada akauliza.

Mwalimu akasoma. "Wanasema wamepata mafundi watatu kutoka mbali na wanawangoja. Wanasema saizi za vichwa wamekisia, mikanda itarekebishwa wakifika."

Hakuna aliyenilaumu kwa mdomo. Nilivaa viatu nikaenda juu ya duka la dawa peke yangu.

Wakala hakunigeuzia feni safari hii. "Nafasi nimeshampa mwingine, mzee," akasema kabla sijaketi. "Jana jioni. Alikuwa wa nne kwenye orodha. Mdhamini wake ameshatia sahihi, na karatasi zimekwenda."

"Zirudishe."

"Hazirudi."

Nikasimama pale. Nilikuwa nimepanda ngazi na maneno mengi. Nikabaki na moja.

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Ulikuja na daftari," akasema. "Mama mtu yuko hapa, binti yuko hapa. Ningesema sijui, ungeniamini?"

Nilifikiri sana kabla ya kumjibu.

"Hapana."

"Basi."

Nikainua macho ukutani. "Lile bango limepinduka," nikamwambia.

"Najua."

Jioni hiyo hiyo Mwalimu aliandika barua pepe kwa kampuni, kwa Kijapani, mezani kwa dada. Alieleza kwamba fundi hakukataa kazi, kwamba ni jamaa wa mama yake aliyesoma tarehe vibaya. Nikaomba niandike mstari mmoja wa mwisho mwenyewe. Niliandika neno la samahani kwa herufi za sauti, nikahesabu mistari ya kila herufi kama vishikizo, na Mwalimu akalipiga picha kwenye daftari akaliambatisha. Alisema limeandikwa kama na mtoto wa darasa la kwanza. Nikamwambia darasa hilo nilisoma lote.

Jibu lilikuja siku ya tisa. Kundi lililokuwa tayari halingeweza kubadilishwa. Kundi lililofuata lilikuwa na nafasi mbili, na moja wangemwekea bila mtihani mwingine.

Cheche hakusema nami kwa siku zote hizo tisa, isipokuwa "pisha". Aliondoka miezi saba baadaye. Aliyechukua nafasi yake aliondoka kwa tarehe iliyopangwa mwanzo. Helmeti haikumwingia, wakampa nyingine. Dada alitia sahihi mkataba wa pili baada ya Mwalimu kumsomea safu ya kulia yote, neno kwa neno. Bado anashona kwenye chumba kilekile. Wakala bado ana ofisi. Bango amelipindua, na sasa ukuta una matundu mawili ya misumari. Siku za Jumanne hukaa kiti cha nyuma kwenye darasa la Mwalimu, na Mwalimu anasema ni mzito wa kushika lakini hakosi. Mimi Wakala simwamini hadi leo.

Nilipanda basi kesho yake baada ya jibu kufika. Tangu hapo nimekaa miji mitatu. Vichaka ninavyovijua ni mia moja na arobaini. Kila Jumatatu naifungua ile tovuti, na kwenye picha ya mwisho kuna watu tisa mbele ya tela jipya, wa pili kutoka kushoto ovaroli yake ina vitundu.

Safu ya kulia ya mkataba ilisema sawa na ya kushoto, isipokuwa ukurasa wa tisa, ambapo ilikuwa na mstari mmoja zaidi: kiwanda hufungwa siku nne katikati ya mwezi wa nane. Nilisubiri mwezi wa nane nikaangalia kwenye tovuti. Walifunga.